Gharika ya Nuhu na mawe ya Unguja

BI MWALIMU ANAJIBU

*Bi Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Welezo na nasali Mkunazini. Mwanangu mkubwa Jumapili anasoma habari za Nuhu na safina, Jumatatu skuli anafundishwa kwamba dunia ina mabilioni ya miaka. Juzi kaniuliza mbele ya mgeni, "Mama, gharika ilikuwa kweli?" Mgeni, naye ni mtu wa kanisani, akamjibu kuwa hata huku kwetu makombe ya bahari yanachimbwa mashambani mbali na pwani, na hiyo ndiyo dalili kwamba maji yalifunika kila kitu. Mtoto hakuridhika, na mimi sikuwa na la kuongeza. Sitaki kumdanganya, wala sitaki kumvunja imani. Jambo hili linaweza kuwa lilitokea kama lilivyoandikwa?*
— Mama wa Welezo

Marahaba mwanangu. Mpe salamu zangu huyo kijana, na usimkemee kwa kuuliza mbele ya wageni.

Umetaka ukweli, nakupa bila ya kuzunguka. Gharika iliyofunika dunia nzima mpaka vilele vya milima, ikaangamiza kila chenye pumzi isipokuwa waliokuwamo safinani, haikutokea. Nasema hivyo nikiwa Muislamu niliyemjua Nabii Nuhu chuo cha Qur'ani kabla sijajua kusoma ramani, na nikiwa mtu aliyesomesha jiografia mpaka kustaafu. Nuhu ni wetu sote. Kwa hiyo tafadhali usilisome jawabu hili kama la mtu wa dini nyingine anayeipiga mawe dini yako.

Nianze na makombe ya mgeni wako, maana hayo yako karibu. Hakusema uongo, makombe yapo. Mkulima wa Makunduchi au Kizimkazi akichimba shimo anayakuta, na wachimba mawe wanayakuta zaidi. Shida ni pale tunapoambiwa kuwa yaliletwa na mafuriko. Siku moja mchukue mwanao mwende kwenye machimbo ya mawe upande wa kusini au mashariki, muombe ruhusa kwa mwenyewe, msimame mbele ya ukuta uliokatwa karibuni, kabla mvua haijaufanya mweusi. Mtaona ndani ya jiwe tumbawe zima la mviringo, pengine kubwa kuliko mnavyoweza kulikumbatia. Litazameni vizuri. Mistari yake inaanzia kwenye kitako, inapanuka kwenda juu na pembeni, na vijitundu vyake vidogo vidogo vimetazama juu na nje. Limesimama vile vile lilivyoota. Ubavuni mwake mna vijitawi vyembamba vya marijani ambavyo havikuvunjika, na pengine kombe ambalo pande zake mbili bado zimefumbana kama siku lilipokuwa hai. Juu ya tumbawe hilo limeota jingine, na juu ya hilo jingine tena.

Mafuriko hayafanyi kazi ya namna hiyo. Mafuriko yanavunja, yanabiringisha, yanalaza vizito chini na matope juu, na kombe likipitiwa na maji ya nguvu pande zake huachana. Kisha kuna suala la muda. Tumbawe la mviringo hukua kiasi cha sentimita moja kwa mwaka, na ukilikata utaziona pete zake za kila mwaka, nzito na nyepesi zikipokezana. Tumbawe la mita moja limechukua kama miaka 100 kujijenga, mahali pamoja, katika maji masafi yasiyo na kina yanayopenywa na jua. Na Kitabu cha Mwanzo, ukifuata tarehe zake, kinaweka gharika yote, tangu mvua ya kwanza mpaka nchi kukauka, ndani ya mwaka mmoja na siku chache. Ukuta mmoja tu wa machimbo unahitaji muda mrefu kuliko huo mara nyingi sana.

Kwa hiyo lile jiwe ni nini? Ni mwamba wa bahari wa zamani. Kiasi cha miaka 125,000 iliyopita barafu ya ncha za dunia ilikuwa pungufu kuliko leo, na bahari ilisimama mita kadhaa juu ya hapa ilipo. Sehemu za Unguja zilikuwa chini ya maji, na matumbawe yakaota pale ambapo leo pana mihogo. Bahari iliposhuka, mwamba ukabaki nchi kavu. Kuta za kanisa lako Mkunazini zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, na siku ukipata pahala chokaa imebanduka, mwoneshe mwanao.

Hapo utaniuliza, je, huko kupanda na kushuka kwa bahari sio gharika yenyewe? Nalipenda sana suali hilo, kwa sababu kisiwa chetu kina kisa chake. Karibu na Jambiani kuna Pango la Kuumbi. Wataalamu waliochimba humo walikuta mifupa ya wanyama ambao Unguja leo haina, punda milia na nyati wakiwamo, pamoja na zana za mawe za watu waliokuwa wakiwinda zaidi ya miaka 17,000 iliyopita. Wanyama hao walifika kwa miguu. Wakati ule barafu ilikuwa imekamata maji mengi, bahari ilikuwa chini kwa kiasi cha mita 120, na pale wanapopita leo watu wa boti za Dar es Salaam na Bagamoyo palikuwa nchi kavu. Barafu ilipoyeyuka bahari ikapanda, na kiasi cha miaka 10,000 iliyopita Unguja ikakatika na bara. Pemba ni habari nyingine. Mkondo wake una kina cha mamia ya mita, na yenyewe ilikuwa kisiwa zamani kabla ya hapo.

Basi nchi ilizama kweli, tena nchi ya watu. Lakini ilichukua maelfu ya miaka, maji hayakuifikia milima, na hayakurudi. Yako pale mpaka leo, tunavua ndani yake. Hilo silo jambo linalosimuliwa katika Mwanzo.

Sasa tazama hesabu ya maji. Mwanzo sura ya saba inasema milima mirefu yote chini ya mbingu ilifunikwa, na maji yakapita juu yake dhiraa 15. Tuchukue Kilimanjaro peke yake, mita 5,895. Kuufunika kwa siku 40 maji lazima yapande zaidi ya mita 140 kila siku, yaani kama mita 6 kila saa, usiku na mchana. Bamvua kubwa tunayoijua sisi hupandisha bahari kama mita 4, nayo huchukua saa 6. Mvua ya mwaka mzima Unguja ni kama mita moja na nusu hivi. Na mvua inatoka wapi? Mvuke wote uliomo hewani, duniani kote, ukianguka kwa mara moja utafanya maji ya sentimita mbili na nusu hivi. Barafu yote ya dunia ikiyeyuka, bahari haitapanda hata mita 80. Ili kuufikia Everest, mita 8,849, yanatakiwa maji zaidi ya mara tatu ya bahari zote zilizopo, na baadaye yaondoke yende mahali.

Wapo wanaosema yalitoka chini, kwa kuwa Mwanzo unataja chemchemi za vilindi. Chini kabisa ya ardhi mna maji kweli, lakini yamefungwa ndani ya madini ya miamba, penye joto la zaidi ya nyuzi 1,000. Maji hayo yakimwagika juu ya dunia kwa wiki chache hayamwachi hai mtu, samaki wala mti. Na sisi watu wa visiwani tunajua viumbe vya baharini vilivyo dhaifu. Mwaka 1998 bahari yetu ilipata joto kuliko kawaida yake, digrii moja au mbili tu, na matumbawe ya Misali kule Pemba yakageuka meupe, mengi yakafa. Wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani wanajua mvua kubwa inavyouharibu mwani kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, yanayokaa juu. Tumbawe lililofunikwa na maelfu ya mita za maji ya matope, gizani, mwaka mzima, lingefanya nini? Lakini matumbawe yapo, na mizizi ya miamba yake haikukatika.

Kuhusu safina nina la kusema zaidi, kwa sababu nimezaliwa Nungwi, katika nyumba ya fundi wa vyombo. Nilipokuwa mdogo kazi yetu watoto ilikuwa kusokota pamba ya kalafati. Baba aliichovya kwenye mafuta, akailaza kwenye mwanya baina ya ubao na ubao, akaipiga kwa patasi butu na nyundo, hatua kwa hatua, toka omo mpaka tezi. Sauti ya nyundo ilikuwa ikibadilika mwanya unaposhiba, na yeye alikuwa akisikiliza sauti hiyo kuliko alivyokuwa akitazama. Chombo kikishushwa, bado maji yaliingia. Kila chombo cha mbao kinaingiza maji, ndiyo maana kila jahazi lina mtu wa kufua maji ya ngama. Sababu ni kwamba mbao zinacheza. Wimbi likiinua katikati, omo na tezi zinashuka. Wimbi likipita, katikati inalala. Kila chombo kinavyozidi urefu ndivyo kinavyojipinda zaidi, mianya inafunguka na kuitema kalafati. Hapana fundi wa Nungwi asiyelijua hilo, na ndiyo maana majahazi yetu yana urefu ule yalio nao.

Safina inatajwa kuwa na dhiraa 300 kwa 50 kwa 30. Dhiraa ni kama sentimita 45, basi urefu wake ni kama mita 135. Chombo cha Farao Khufu, kilichofukuliwa mwaka 1954 pembeni ya piramidi yake, kina mita 43, nacho ni kazi ya taifa zima lenye mafundi hodari kuliko wote wa zama zake. Wamarekani walijaribu kufika mbali zaidi. Mwaka 1909, mji wa Bath katika jimbo la Maine, waliunda merikebu ya mbao yenye milingoti sita ikiitwa Wyoming, sitaha yake ikizidi mita 100. Waliikaza kwa mikanda ya chuma, wakaitia mashine za mvuke za kuvuta maji. Na bado ilijipinda baharini, mianya ikafunguka, maji yakaingia, pampu zikawa hazipumziki. Mwaka 1924 ilizama kwenye dhoruba na mabaharia wake wote. Hiyo ilikuwa fupi kuliko safina, ina chuma, ina injini, inasafiri karibu na pwani. Safina inasemwa ilielea miezi mitano kabla ya kutua, katika bahari isiyo na bandari wala kisiwa cha kuizuia upepo, na ndani yake watu wanane. Nani alifua maji?

Watu hao wanane ndio pia wa kulisha wanyama. Leo zinajulikana aina zaidi ya 6,000 za wanyama wanaonyonyesha, ndege kama 11,000, na wanaotambaa zaidi ya 11,000. Sitaki kukuchosha na hesabu hizo, nichukue mmoja tu tunayemjua. Kima punju yuko Unguja, na wachache waliopelekwa msitu wa Ngezi, Pemba, na duniani pengine popote hayupo. Anakula majani machanga, maua na matunda mabichi, na watu wa Jozani wamemwona akiokota makaa na kuyatafuna ili yamsaidie na sumu iliyomo katika baadhi ya majani. Nani alimpatia majani machanga kwa mwaka mzima? Na alipotoka safinani kwenye milima ya Ararati, alipitaje jangwa na savana mpaka huku, kisha akavuka bahari, bila ya kuacha hata mmoja wa aina yake njiani? Lakini ukisema babu zake walikuwa katika misitu ya bara, wakaja wakati pale palipo bahari palikuwa nchi kavu, kisha wakakatika na wenzao na taratibu wakawa hivi walivyo, kila kitu kinakaa sawa, na mifupa ya Kuumbi inakubali. Popo mkubwa wa Pemba naye ana ushahidi wake. Jamaa zake wako Komoro, Madagaska na Asia, na bara la Afrika, lililo karibu yake kuliko wote hao, halina hata mmoja wa kabila lake. Huyo ni mnyama aliyefuata visiwa. Hakutoka mlima mmoja wa Uturuki.

Ya tarehe nitayapita haraka. James Ussher, askofu mkuu wa Armagh kule Ireland, alipiga hesabu za vizazi vya Biblia na mwaka 1650 akachapisha kuwa gharika ilikuwa mwaka 2348 KK. Wakati huo piramidi kubwa za Giza zilikuwa zimeshasimama kiasi cha karne mbili, na Misri iliendelea na wafalme wake na maandishi yake bila ya kukatika. Pete za mialoni na misonobari ya Ulaya zimeunganishwa mwaka kwa mwaka kurudi nyuma zaidi ya miaka 12,000, na hapana pengo la gharika.

Sasa la imani, maana hilo ndilo lililokusumbua hasa. Miongoni mwa watu wa mwanzo kusema wazi kwamba miamba haioneshi gharika ya dunia nzima walikuwamo mapadri wa kanisa lako, Waanglikana. William Buckland wa Oxford mwaka 1823 aliitetea gharika kwa kalamu yake, na katika miaka ya 1830 akaiacha. Adam Sedgwick wa Cambridge, padri na mwalimu wa jiolojia, mwaka 1831 alisimama mbele ya wenzake akatangaza kwamba ameacha kuamini kuwa kokoto na changarawe za Ulaya zililetwa na gharika moja. Wote wawili waliendelea kuwa watu wa kanisa mpaka kufa. Na Agostino, mtakatifu wenu, karne ya nne na ya tano, alishawaonya Wakristo wasiseme mambo ya ardhi na nyota wasiyoyajua mbele ya wanaoyajua, kwa kuwa wataifanya dini yao idharauliwe.

Kwa hiyo mwambie mwanao hivi: maji hayakufunika dunia yote, na ushahidi wake uko chini ya miguu yake. Kisha msome naye habari ile yote, sura ya sita mpaka ya tisa, na umuulize anadhani waliosimulia walitaka watu wajue nini kuhusu Mungu na kuhusu dhuluma. Ninachokuomba kwa moyo wangu wote ni kimoja: usimpe makombe ya shambani kuwa nguzo ya imani yake. Akifika Kidato cha Tatu atajua yalifikaje pale, na nguzo ikianguka asije akadhani nyumba nzima ilikuwa ya uongo. Nimewaona vijana wa dini zote mbili wakiumia hivyo, na hawakuwa na haja ya kuumia.

*Bi Mwalimu, rafiki yangu kanambia umejibu suali hili darasani zamani na ukasema gharika haikuwa ya dunia nzima. Sisi Waislamu tutasemaje, na Qur'ani imeitaja tufani?*
— Mvuvi, Mkokotoni

Kaka yangu, nimesema, na narudia. Qur'ani inatwambia Nuhu alipelekwa kwa watu wake, na waliogharikishwa ni wale waliomkadhibisha. Haitaji vipimo vya safina wala siku za mvua, na safina inatua juu ya Judi. Wafasiri tangu zamani wamekhitilafiana, wapo waliosema ilikuwa ardhi yote na wapo waliosema ilikuwa kaumu yake. Mimi nimesimama na hawa wa pili, kwa haya niliyomweleza mama wa Welezo.

Lakini kama unanisoma ukidhani nimekipunguza kisa, rudi Suratu Hud. Mawimbi kama milima, na baba anamwita mwanawe apande nao, na mwana anasema atakwenda mlimani utamkinga. Wimbi linapita baina yao. Wewe umeshaona bahari ikichafuka na mwenzio yuko chombo cha pili. Habari ile haihitaji maji yafike Everest.

*Shikamoo Bi Mwalimu. Nasoma Chake Chake. Katika mjadala wetu wa skuli mwenzangu alisema habari ya Nuhu imeibwa Babeli, na hakuna lililotokea hata dogo. Ni kweli?*
— Mwanafunzi, Pemba

Marahaba. Mwenzako ana nusu ya jambo, na ni nusu nzuri. Mwaka 1872 kijana wa Kiingereza aitwaye George Smith, aliyekuwa fundi wa kuchonga sahani za kuchapia noti kabla ya kujifunza mwenyewe maandishi ya Babeli, alikuwa akisoma vigae vya udongo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London. Vigae hivyo vilitoka katika maktaba ya mfalme Ashurbanipali kule Ninawi. Katika kimoja cha utenzi wa Gilgamesh akakuta habari ya mtu aitwaye Utnapishtimu, aliyeonywa na mungu mmoja, akaunda chombo, akakitia lami, akapakia jamaa zake na wanyama, kikatua juu ya mlima, kisha akarusha njiwa, akarusha mbayuwayu, akarusha kunguru ambaye hakurudi. Baadaye vikapatikana vigae vya zamani zaidi vya kisa hicho hicho, vya kiasi cha miaka 1,700 KK, ambamo mwenye chombo anaitwa Atrahasisi. Kwa hiyo ndiyo, kisa kilikuwapo Mesopotamia, yaani nchi ya Iraq ya leo, kabla Mwanzo haujaandikwa.

Neno "kuibwa" silikubali. Waisraeli waliishi katika ulimwengu mmoja na watu hao, wengine walichukuliwa mateka mpaka Babeli kwenyewe. Walikisikia kisa, wakakisimulia kwa imani yao. Kwa Atrahasisi miungu wanaleta gharika kwa sababu watu wamezidi na kelele zao zinawanyima usingizi. Kwa Mwanzo sababu ni dhuluma iliyojaa duniani. Hiyo si tofauti ndogo. Tena hata ndani ya Mwanzo utaona simulizi mbili zimeshonwa pamoja: mahali pamoja wanyama ni wawili wawili, pengine wale walio safi ni saba saba. Mahali pamoja mvua ni siku 40, pengine maji yanatamalaki siku 150. Soma mwenyewe sura ya sita na ya saba kwa kalamu mkononi.

Na hilo la kuwa hakuna lililotokea hata dogo, hapo mwenzako kazidisha. Kusini ya Iraq ya leo ni tambarare tupu baina ya Frati na Hidekeli. Theluji ya milima ya Uturuki inapoyeyuka kila mwaka mito hiyo hufura, na ikivunja kingo zake hakuna kilima cha kukimbilia. Mtu wa Sebleni au Mwanakwerekwe katika masika mabaya anaelewa kidogo. Mwaka 1929 Leonard Woolley, akichimba mji wa Uru, alikuta tabaka la udongo safi lenye unene wa mita kadhaa, juu yake vitu vya watu na chini yake vitu vya watu, na habari zikaenea kwamba gharika ya Nuhu imepatikana. Lakini miji mingine ya karibu haikuwa na tabaka hilo. Kule Shuruppaki, mji ambao Wababeli wenyewe waliutaja kuwa ndio wa yule mwenye chombo, lipo tabaka jingine la mafuriko, la kiasi cha mwaka 2900 KK, na hilo ni la wakati tofauti kabisa na la Uru. Maana yake palikuwa na mafuriko mengi, kila moja la mahali pake, na kwa aliyezungukwa na maji pande zote lile lake lilikuwa la dunia nzima. Mimi naona inaingia akilini kabisa kwamba mtu mmoja, katika mafuriko mamoja kama hayo, alipakia watu wake na mifugo yake katika chombo cha lami akaokoka, na watu wakamsimulia kwa miaka elfu mbili. Jina lake hatuwezi kulithibitisha. Sema hivyo kwenye mjadala na hutashindwa na upande wowote.

*Bi Mwalimu, nimetumiwa video kwenye simu kwamba safina imeshapatikana Uturuki, inaonekana kabisa umbo la chombo. Mbona hukuitaja?*
— Msomaji, Bububu

Umbo hilo nalijua. Liko karibu na mji wa Doğubayazıt, si mbali na mlima Ararati, na lilionekana kwenye picha za ndege za mwaka 1959. Kwa juu linafanana na chombo kweli. Wanajiolojia waliolichunguza walikuta ni mwamba na udongo uliotiririka na kugandamana, na mapambizo yake ni ya mawe. Ararati wenyewe ni mlima wa volkano wa mita 5,137 wenye barafu kileleni, na wamepanda wengi kutafuta, na vipande vya mbao vikaoneshwa mara kwa mara, bila ya hata kimoja kuthibitishwa. Ukitumiwa video nyingine, muulize aliyekutumia mambo mawili: mbao ni za mti gani, na umri wake ulipimwa na maabara gani. Akiwa na majibu, niletee, nitayachapisha hapa.